Wiki ya mvua Astoria: posta, mitungi ya gesi na ngome ya mbao

Jumapili

Tumeingia kambi ya Fort Stevens, karibu na mji wa Astoria, saa kumi na moja na nusu jioni, giza limeshatanda. Mwezi wa Novemba pwani ya Oregon jua halikawii kuzama, na leo halikuonekana kabisa. Mvua ilitupokea tulipoanza kuvuka milima kutoka Portland, ikatusindikiza hadi getini.

Mume wangu, ninayemwita Mzee, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo kurudisha tela kinyumenyume gizani katikati ya miti si jambo la kumtoa jasho. Ninayelowa ni mimi, ninayesimama nyuma na tochi nikipiga kelele. "Kata kulia! Kulia kwako, si kwangu! Haya njoo, njoo, hapo hapo!"

Kwa wasiotujua: mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Tanga. Watoto wameshakuwa na miji yao. Nyumba ya Ohio tuliiuza, tukanunua tela la futi 26 na pikapu ya kulivuta. Anwani yetu ya barua iko South Dakota. Wastaafu wengi wanaoishi barabarani huchagua huko, au Texas, au Florida, maana majimbo hayo hayatozi kodi ya mapato ya jimbo.

Sehemu tuliyopangiwa ina umeme na bomba la maji safi, lakini haina shimo la maji taka. Kila tunachotumia kuoga na kuosha vyombo kinakaa kwenye tanki chini ya sakafu, na tanki likijaa ndiyo basi, hadi tulivute tela zima kwenda kulimwaga. Nje maji yanamwagika bila hesabu, ndani tunaoga kwa kujipima.

Jumatatu

Nimeamshwa na tone la maji kwenye paji la uso. Kisha la pili.

"Hilo ni jasho la dari tu, mama watoto," Mzee akasema bila kufumbua macho. Kweli, kwenye tela hewa ya pumzi za watu wawili ikikutana na dari ya baridi inageuka matone. Lakini jasho la dari hutapakaa. Hili lilikuwa linatoka kwenye skurubu moja ya kitundu cha hewa, na mvua ikizidi nalo linaongeza kasi. Nikaweka sufuria ya ugali kitandani, tukanywa chai, tukaanza kuandika orodha.

Hapo ndipo mvua inapotutawala. Siku za jua tunatembea ufukweni na hakuna anayekumbuka kwamba dawa zinakaribia kwisha, nguo zimejaa kapuni na mtungi mmoja wa gesi unalia ukigongwa. Mvua ikishika, shughuli zote zinafufuka kwa pamoja. Mimi nimeanza kuipenda hali hiyo, kwa sababu ukienda mji kama mtalii unaona mabango, lakini ukienda unatafuta gundi ya paa, mtu wa dukani atakuambia habari za mji mzima.

Tukaenda Warrenton, mji mdogo ng'ambo ya ghuba ya Youngs kutoka Astoria, wenye maduka makubwa. Sehemu ya kuegesha ilijaa magari yenye namba za jimbo la Washington. Oregon haitozi kodi ya mauzo hata senti, Washington inatoza, na kati yao ni daraja tu. Watu wanavuka na orodha zao kama sisi.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alitusikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia Mzee arudishe lile kopo la gundi. Gundi haishiki paa lililolowa, akasema, na huku ukisubiri paa likauke utasubiri hadi Julai. Akatupa utepe mpana wa kuzibia, mweupe, mgongo wake mnato kiasi cha kung'oa ngozi ya kidole.

Ufundi wenyewe ulikwenda hivi. Mzee juu ya ngazi, mimi chini nimeinua mwavuli kwa mikono miwili, mabega yanauma. Akafuta kwa taulo. Akafuta tena kwa spiriti kutoka sanduku langu la dawa, harufu ya wodi ikanijia pale pale kwenye misonobari. Akakata utepe, akaubandika akiukandamiza kwa mgongo wa kijiko, kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu, hadi vipovu vyote vikaisha. Saa mbili usiku sufuria ilikuwa bado kavu. Nikaitoa kitandani, nikasonga ugali.

Kitu kimoja tena cha leo: mafuta. Tangu 1951 sheria ya Oregon ilimkataza dereva kujiwekea petroli mwenyewe. Agosti 2023 wakalegeza, sasa kwenye vituo vingi unaweza kuchagua. Mzee alichagua kukaa ndani na kioo juu, kijana wa kituo akaja na koti lake la plastiki. "Huku ndiko nyumbani," akasema, maana Tanga naye hajawahi kushika pampu.

Jumanne

Posta ya Marekani ina huduma ambayo wengi wenye nyumba hawaijui. Anayekutumia mzigo anaandika jina lako, chini yake General Delivery, kisha mji na msimbo wa posta. Mzigo unakungoja pale hadi siku 30, wewe unakwenda na kitambulisho. Leo tumepokea bahasha kubwa kutoka South Dakota yenye barua zetu za mwezi mzima, nyingi za bima, na kifurushi kutoka kwa binti yetu: iliki, mdalasini na pakiti za majani ya chai ya Kenya. Karani aliinusa boksi, akauliza humo ndani kuna nini. Nilimwambia, akataka kujua kama iliki inafaa kwenye kahawa. Tulikaa hapo kaunta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kutoka posta hadi Columbia River Maritime Museum ni mwendo wa dakika chache. Tulipanga kukaa saa moja tukisubiri mvua ipungue, tukatoka wanafunga.

Mimi nimekulia Tanga, na baba yangu alifanya kazi kwenye matishari, yale majahazi ya chuma yaliyokuwa yakibeba shehena kati ya gati na meli zilizotia nanga mbali, kwa kuwa kina cha maji gatini hakikutosha. Kwa hiyo najua kidogo maana ya bandari ngumu. Lakini mdomo wa mto Columbia ni kitu kingine. Mto huu mkubwa unaingia bahari ya Pasifiki kwa nguvu zake zote, bahari nayo inausukuma na mawimbi yake, na mchanga unahamahama katikati. Meli zipatazo 2,000, kubwa na ndogo, zimepotea eneo hili tangu mwisho wa karne ya 18. Mpaka leo meli ya mizigo hairuhusiwi kupita bila rubani maalumu wa mlangoni, na rubani huyo hufikishwa kwa boti au kwa helikopta, anashushwa kwenye meli inayoyumba.

Ndani ya jumba wameweka boti ya uokoaji ya walinzi wa pwani, imeinamishwa juu ya wimbi la kutengeneza, pua juu. Mzee alisimama chini yake muda mrefu, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nalalamika barafu ya Wyoming."

Nje imefungwa meli ya taa, Columbia, nyekundu. Ilikaa baharini mdomoni mwa mto kama mnara wa taa unaoelea hadi 1979, ilipostaafishwa. Nikapanda na mwavuli. Vyumba vya mabaharia ni vidogo kuliko tela letu, na wao hawakuwa na ruhusa ya kwenda dukani.

Jumatano

Mvua kubwa na upepo. Tela linatikisika. Hatukutoka.

Nimepika pilau kwa iliki ya binti yangu, na nimelipia kwa unyevu: jiko la gesi likiwaka linatoa mvuke wake, na wali unatoa wake, madirisha yote yakawa meupe. Mashine ya kukausha hewa imejaza ndoo yake hadi ikajizima. Maji hayo Mzee hayamwagi nje, anasuuzia choo, ili tusiguse ya bomba. Kanga mbili nilizoanika bafuni tangu juzi bado mbichi.

Alhamisi

Kanga hizo hizo ndizo zilizotupeleka mahali pa kufulia kwa sarafu. Nilikuwa nimekusanya robo dola kwenye chupa ya asali tangu Idaho, na zote zimeliwa leo. Mashine za kukaushia zilijaa makoti ya wavuvi.

Bwana mmoja mzee alikuwa anakunja sweta za sufu kwa utaratibu wa mtu aliyewahi kuishi melini. Nilimuuliza kuhusu madema ya chuma tuliyoyaona yamerundikwa kando ya gati Warrenton kupita kimo cha mtu. Akaeleza kwamba ni ya kaa aina ya Dungeness. Msimu wa kibiashara kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Desemba, lakini kwanza wanapima kaa kuona kama wamejaa nyama. Wasipojaa, msimu unasogezwa mbele, na mabaharia wote wanabaki wamekaa, wanafua nguo. Alisema hilo bila kucheka, nikashindwa kujua kama ni mzaha.

Nguo zikiwa bado zina joto kapuni, tukapita Fort Clatsop.

Ni ngome ndogo ya magogo msituni, nakala ya ile waliyojenga watu wa msafara wa Lewis na Clark mwaka 1805. Rais Thomas Jefferson aliwatuma watafute njia ya kuvuka bara hadi Pasifiki. Wakaipata, na zawadi yake ikawa kukaa hapa kwenye mvua kuanzia Desemba 1805 hadi tarehe 23 Machi 1806, watu thelathini na kitu ndani ya vyumba saba. Kati ya siku zote hizo, siku ambazo haikunyesha zilikuwa 12 tu. Nakala ya kwanza ya ngome iliungua mwaka 2005, hii ya sasa ilijengwa mwaka uliofuata, na kuta zake tayari zimeota kuvu la kijani.

Niliingia nikidhani nitaona habari za ushujaa. Nilichokiona ni orodha ya shughuli za mvua. Nyama ilikuwa inaoza kwa sababu ya unyevu, moshi hautoshi kuikausha. Nguo za ngozi zinaozea mwilini, wakakaa wakishona mpya na viatu mamia. Viroboto wanawanyima usingizi. Chumvi imekwisha, kwa hiyo wakatumwa watu hadi ufukweni, mahali panapoitwa Seaside siku hizi, wakachemshe maji ya bahari kwenye masufuria usiku na mchana. Siku nzuri walipata karibu galoni moja ya chumvi. Kwenda na kurudi ni kutembea msituni na kwenye vinamasi, mvua mgongoni. Mzee akanitazama. Mimi hulalamika duka liko maili sita.

Halafu kuna Sacagawea, binti wa kabila la Washoshone aliyefuatana na msafara, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Januari 1806 habari zilikuja kwamba nyangumi amekwama ufukweni upande wa kusini. Clark akapanga kwenda kununua mafuta, na yeye hakuwekwa kwenye orodha. Akadai kwenda. Amesafiri mbali kote huko kuja kuyaona maji makubwa, alisema, na sasa kuna samaki wa ajabu, itakuwaje anyimwe kuona? Wakamchukua. Walipofika nyangumi amebaki mifupa, wenyeji wa kabila la Tillamook wameshachukua nyama, na Clark akanunua kwao kiasi cha ratili 300 za shahamu.

Safari ya dukani, basi, na mwanamke anasema nami nakuja. Hiyo naielewa bila mkalimani.

Ijumaa

Dawa zangu za presha zimekwenda jimbo lisilo lake. Niliomba zihamishiwe tawi la jirani, mtu wa simu akachagua lililo karibu kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, yaani ng'ambo ya mto, Washington. Basi tukavuka.

Daraja la Astoria-Megler lilifunguliwa mwaka 1966, urefu wake ni kama kilomita 6.5. Upande wa Astoria linaanza kwa kuzunguka hewani ili lipate kimo cha kupitisha meli, kisha linashuka hadi karibu na maji na kunyooka, kilomita baada ya kilomita, mto pande zote mbili. Upepo ulikuwa unalisukuma pikapu. Nilishukuru tela tumeliacha kambini.

Dawa zilikuwepo, foleni haikuwepo. Tukabaki na asubuhi nzima.

Mashariki kidogo ya daraja kuna kituo cha mapumziko cha barabarani, choo na meza za mbao, panaitwa Dismal Nitch. Msafara ule ule wa akina Clark ulikwama hapo siku sita Novemba 1805, dhoruba imewabana kati ya mwamba na mawimbi, bila chakula cha maana. Magharibi ya daraja, karibu na kanisa dogo la kale la mbao, ndipo walipopata nafasi ya kupumua. Pale tarehe 24 Novemba waliulizwa mmoja mmoja: wavuke kwenda kusini, au warudi juu mtoni kutafuta mahali pa kupitisha baridi? Majibu yaliandikwa. La Sacagawea limo. Na la York limo.

York alikuwa mtu mweusi, mtumwa wa Clark tangu utotoni. Alivuka bara zima, alibeba bunduki, aliwinda, aliuguza wagonjwa. Alisema wavuke, wakaangalie upande ule, na wengi walisema vivyo hivyo, ndiyo maana ngome iko Oregon. Waliporudi nyumbani mwaka 1806, wenzake walilipwa fedha na ardhi. York hakupewa kitu. Aliomba uhuru wake, Clark akamnyima kwa miaka mingi.

Nilisoma lile bango mvua ikinipiga kwenye kofia, na Mzee akasoma, kisha akalisoma tena. Tulirudi kwenye gari hatuongei.

Mchana mvua ikakatika ghafla, tukakimbilia mnara wa Astoria kabla mawingu hayajabadili nia. Una futi 125, ngazi 164 za kuzunguka ndani kwa ndani, na picha za historia ya mkoa zimechorwa kwa nje kutoka chini hadi juu. Mzee alikataa kwa sababu ya magoti. Mimi nilipanda, nikipumzika kila nilipoona dirisha. Juu kulikuwa na watoto wanarusha ndege za mbao nyepesi, ilikuwa desturi ya hapo, na moja ilichukuliwa na upepo hadi ikapotea juu ya mapaa. Chini unaona mto wote, meli zimetia nanga zinangoja zamu, daraja, na ng'ambo kabisa kilima tulichotoka asubuhi.

Mnara ulijengwa mwaka 1926. Mwaka huo huo Oregon ilifuta kwenye katiba yake kifungu kilichomkataza mtu mweusi kuhamia jimboni, kilichokuwepo tangu jimbo lilipozaliwa mwaka 1859. Nilimwambia Mzee hilo niliposhuka. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo York angerudi kutembea hapa angefukuzwa, mahali alipopachagua mwenyewe." Halafu akauliza kama nimeona duka la mitungi kutoka kule juu.

Tukaijaza mitungi yote miwili ya gesi tukirudi. Anayejaza husimama asilimia 80, kwa sababu gesi ikipata joto hutanuka na inahitaji nafasi. Mzee bado anaamini anaibiwa hiyo asilimia 20.

Jumamosi

Manyunyu tu. Kabla ya kufunga tela tulitembea hadi ufukweni kuona mabaki ya Peter Iredale, merikebu ya chuma ya Kiingereza yenye milingoti minne. Ilikuwa inatoka Mexico kwenda Portland kuchukua ngano, ikakwama mchangani tarehe 25 Oktoba 1906. Watu wote walitoka salama. Imebaki pua na mbavu zenye kutu, na mbwa wa watu wanazikojolea. Ulinzi wa ngome hii ya Fort Stevens nao una kisa chake: usiku wa tarehe 21 Juni 1942 nyambizi ya Japani, I-25, iliifyatulia mizinga kutoka baharini. Kamanda wa ngome aliwakataza askari wake wasijibu, ili miali ya mizinga isionyeshe walipo. Kilichoharibika zaidi ni wavu wa uwanja wa besiboli.

Tukakunja ngazi, tukachomoa umeme, tukavuta tela hadi shimo la maji taka. Kulikuwa na foleni. Kila mtu ameshika mpira wake na glavu, na hapo ndipo habari zote za barabara zinapatikana. Mama mmoja kutoka Nevada aliyekuwa mbele yetu alikuwa ametoka kuongea na dada yake: barabara ya 101 imefunikwa maji karibu na Tillamook, mto Wilson umefurika, jambo ambalo wenyeji hawalishangai majira haya. Na sisi njia yetu ni hiyo.

Mzee akatoka kuhakikisha kwenye simu, akarudi anatikisa kichwa. Mimi nikaenda kibandani kuuliza kama ile sehemu yetu imeshachukuliwa. Haikuchukuliwa. Tukalipia usiku mwingine, na safari hii nikauliza kama kuna sehemu yenye bomba la maji taka. Ilikuwepo, kwa dola chache za ziada.

"Unazitoa pesa hivi hivi?" Mzee akauliza.

"Nataka kuoga," nikamwambia, "nioge mpaka nichoke."

Akaanza kurudisha tela kinyumenyume. Nikachukua tochi, ingawa ilikuwa saa sita mchana.